Namna ya kufunga ravini kwenye parseli ya mlimani Bukavu

Mwezi wa sita mvua ikikatika, watu wengi wa Kadutu, Panzi na Bagira husahau ravini, yaani korongo la maji ya mvua, iliyomeza uzio wao mwezi wa nne. Huo ndio wakati wa kushika jembe. Udongo umekauka, miguu haitelezi, mawe yanabebeka, na kuna majuma kumi hivi kabla mawingu hayajarudi mwezi wa tisa. Anayengoja mvua ya kwanza imwamshe atajaza saki za udongo usiku kwa mwanga wa simu, na saki hizo hazitafika Noeli.

Mwongozo huu unahusu korongo dogo na la kati: lenye kina kisichozidi mita tatu, linalopita kwenye parseli chache au kando ya njia ya miguu. Lililozidi hapo linataka mainjinia, zege na bajeti ya mji. Majirani wenye majembe hawaliwezi, na kuwaambia kwamba wataliweza ni kuwatuma shimoni.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba kilicho mbele yako ni korongo

Bukavu ina matatizo mawili ambayo watu huyachanganya kila siku. Korongo huchimbwa na maji yanayokimbia juu ya ardhi. Maporomoko huja na maji yaliyozama ndani, yakaulegeza ule mfinyanzi mzito ulio juu ya mwamba, hadi kipande kizima cha mlima kinaanza kushuka na nyumba zake. Funu, kule Kadutu, wote tunakujua: mlima unasogea taratibu mwaka hadi mwaka, na kuta zinapasuka.

Dawa ya kimoja ni sumu kwa kingine, kwa hiyo zunguka parseli kabla ya kuchimba chochote. Tazama juu ya nyumba kama kuna ufa ardhini uliopinda mfano wa mwezi mchanga. Tazama milango iliyoanza kukwama bila sababu, miti inayoegemea upande mmoja yote kwa pamoja, chemchemi iliyotokea mahali pasipokuwa na maji, ukuta uliopasuka kwa mshazari kutoka kona ya dirisha. Ukikuta mawili au matatu ya hayo, acha jembe. Nyasi za kushika udongo, hata zenye mizizi mirefu, hufika mita mbili au tatu, na mlima unaotembea huenda unateleza chini zaidi ya hapo. Zitashuka pamoja nao zikiwa bado kijani. La kufanya ni kuyaelekeza maji mbali na eneo hilo, kumwarifu shefu wa avenyu (kiongozi wa mtaa) na komini, na kutafuta mahali pengine pa kulala wakati wa mvua kubwa. Ukaguzi huo urudie kila baada ya tetemeko. Waliokuwa mjini tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 lilipopiga hawahitaji kuelezwa kwa nini.

Kama hakuna dalili hizo, endelea.

Hatua ya 2: Panda juu ukatafute maji yanakotoka

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Mtu huona shimo mbele ya mlango wake, analijaza mawe na takataka, na mwaka unaofuata shimo limezunguka mawe hayo na kuchukua choo. Korongo halikuzaliwa pale ulipoliona. Limezaliwa mita hamsini au mia mbili juu yako, kwenye barabara isiyo na kanivo (mfereji wa kando), kwenye kona ambapo mabati ya nyumba kumi yanamwaga maji mahali pamoja, au kwenye kichochoro kilichochongwa na miguu hadi kikawa mfereji.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 katika jarida la Nature ulihesabu makorongo ya mijini 2,922 katika miji 26 ya Kongo, na karibu yote yalikutwa yameungana na barabara. Barabara hukusanya maji ya mtaa mzima na kuyatoa kwa mdomo mmoja. Mlima ukiwa na nyasi, maji hayo hayo yangeshuka yametawanyika na yasingekuwa na nguvu ya kung'oa hata kokoto.

Fanya hesabu ya paa moja tu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba ya mita 8 kwa 10 ina paa la mita za mraba 80. Mvua ya alasiri ikimwaga milimita 40, paa hilo peke yake limeshusha lita 3,200, yaani bidoni 160 za lita ishirini. Sasa zidisha kwa nyumba zilizo juu yako, halafu jiulize maji hayo yote yanapitia wapi kwenda ziwani.

Wakati mzuri wa uchunguzi huu ni mvua za mwezi wa tatu na wa nne: vaa buti, chukua mwavuli na vijiti, fuata maji kinyumenyume, na pachika kijiti kila mahali mkondo mmoja unapoungana na mwingine. Ukiwa umechelewa na kiangazi kimeshaingia, soma alama zilizobaki: mchanga mweusi uliochambuliwa, mizizi iliyo wazi, nyasi zilizolala upande mmoja, msingi wa nyumba uliobaki unaning'inia. Chora kwenye karatasi. Mchoro huo utauhitaji katika hatua inayofuata, ambayo haina jembe wala mawe na ndiyo ngumu kuliko zote.

Hatua ya 3: Ongea na walio juu yako na walio chini yako

Aliye juu hana shida na korongo lako. Maji yakitoka kwake, kwake yamekwisha. Ukimwendea kwa makelele, “Papa, mayi ya kwenu inamaliza parseli yetu,” atakujibu kwamba mvua ni ya Mungu, na hapo mazungumzo yamefungwa. Mpeleke akaone. Korongo hupanda mlima: kichwa chake hukatika kidogo kidogo kwenda juu kila mvua kubwa, na aliye juu leo ndiye wa mbele mwakani. Mwonyeshe ule mdomo uliochimbika chini kwa chini, ambapo udongo wa juu umebaki kama kibaraza kinachongoja kuanguka, na mpime pamoja ni hatua ngapi zimebaki kufika ukuta wake. Hatua hizo humshawishi mtu kuliko hotuba.

Kisha mwite shefu wa avenyu. Mambo ya kukubaliana ni machache: kila nyumba ikinge maji ya paa lake na kuyapeleka kwenye mfereji wa pamoja, mfereji upite wapi, nani atoe mawe na nani atoe mikono, na chini kabisa yatokee kwenye kanivo gani au mto gani. Jambo la mwisho watu hulipuuza, nalo ndilo linaloleta kesi. Kuyatoa maji kwako na kuyamwaga kwa mama jirani wa chini ni kuhamisha korongo tu. Andikeni karatasi, kila mmoja aweke sahihi, nakala moja ibaki kwa shefu. Salongo ya Jumamosi, ile kazi ya pamoja ya mtaa, inafaa kwa kazi yenyewe, ila usitegemee salongo kuamua mipaka ya parseli.

Hatua ya 4: Kata maji kabla hayajafika kwenye korongo

Juu ya kichwa cha korongo, mita tatu hadi tano nyuma yake, chimba mfereji wa kukinga unaokata mteremko kwa upana. Upana wa sentimita 40 na kina kama hicho vinatosha kwa paa chache. Kama barabara nzima inamwagia hapo, mfereji wa udongo hautoshi, unataka kujengwa kwa mawe na saruji. Udongo unaotoka utupe upande wa chini, uushindilie, uwe tuta.

Mfereji lazima ushuke kidogo sana: sentimita moja kwa kila mita. Ukishuka zaidi utajichimba wenyewe na kuwa korongo la pili. Ukilala kabisa utajaa na kupasuka katikati. Macho hayawezi kupima hilo kwenye mlima, kwa sababu mlima unayadanganya. Wenye fundi mwashi jirani wanaweza kuazima mpira wake wa maji wa kupimia usawa. Wasio naye watengeneze kipimo cha miti mitatu.

Chukua fito mbili za mita mbili, zifunge juu na uzitanue chini hadi miguu iachane mita mbili. Funga ufito wa tatu kwa mlalo katikati ya urefu, ili umbo liwe la herufi A. Kutoka kileleni teremsha uzi wenye jiwe dogo, upite mbele ya ufito wa mlalo. Simamisha miguu juu ya mawe mawili, weka alama ya mkaa pale uzi unapogusa ufito. Geuza kipimo, mguu wa kushoto ukae palipokuwa pa kulia, uweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa ulipo. Pachonge kwa kisu. Sasa funga kipande cha ubao chenye unene wa sentimita mbili chini ya mguu mmoja. Mguu huo ndio utangulie kila unaposogea kuelekea maji yanakokwenda. Uzi ukikaa kwenye alama ya kisu, umeshuka sentimita mbili katika mita mbili, ndio ile moja kwa mia unayoitaka. Pachika kijiti, sogeza kipimo hadi mguu wa nyuma ukae palipokuwa mguu wenye ubao, endelea. Watoto wa shule huishika kazi hii haraka kuliko wazee.

Kuna wanaoshauri kuchimba mashimo makubwa ya kuyanywesha maji ardhini. Kwenye mchanga tambarare ni ushauri mzuri. Kwenye miteremko ya Bukavu, juu ya mfinyanzi na juu ya nyumba za watu, siupendi hata kidogo, kwa sababu maji unayoyazamisha leo ndiyo yanayoulegeza mlima kesho kutwa. Afadhali pipa chini ya paa: halimalizi mvua, ila linaipunguza kasi, na katika mji ambao bomba hukauka siku kadhaa hakuna anayekataa maji ya kufulia.

Hatua ya 5: Jenga vizuizi ndani ya korongo

Maji ya juu yakishakatwa, bado yatabaki yanayoanguka ndani ya korongo lenyewe. Hayo huyazuii, unayachosha. Ujenge ngazi za vizuizi vifupi, maji yaanguke kidogo, yatulie, yaache udongo, yaanguke tena. Kizuizi kimoja kirefu ni hatari kuliko kutokuwa na kizuizi, kwani kikivunjika kinaachia bwawa zima kwa mara moja.

Urefu wa kwenda juu usizidi sentimita 60. Nafasi kati ya kimoja na kingine huamuliwa na mteremko: mguu wa kizuizi cha juu ulingane kwa usawa na mdomo wa kile cha chini, yaani pale juu maji yanapopitia. Kama sakafu ya korongo hushuka mita moja kwa kila mita tano, vizuizi vya sentimita 60 vitakaa kila baada ya mita tatu. Ni vingi, ndiyo. Ukipunguza idadi ili kuokoa mawe, maji yatapata mbio tena katikati na kuchimba chini ya kile kinachofuata.

Mambo manne hayana mjadala. Chimba mtaro wa msingi sakafuni, na uingize ncha zote mbili ndani ya kingo angalau nusu mita, vinginevyo maji yatapita ubavuni. Katikati acha mdomo ulio chini kuliko pande kwa sentimita 20 au 30, ili maji yajue njia yake ni hapo. Chini ya mdomo tandaza mawe makubwa mita moja mbele, yapokee anguko. Na kizuizi kipitishe maji. Ukisiliba kwa saruji, maji yatasukuma kwa nyuma hadi kianguke.

Kwa vifaa, mawe meusi ya hapa kwetu ni bora na hayakosekani, gharama ni mgongo wa kuyabeba. Anza na makubwa chini, uyapange kama ukuta mkavu, usiyatupe tu. Pasipo na mawe, tumia safu mbili za vigingi vilivyopigiliwa nusu mita ardhini, katikati jaza matawi na ukanyage. Vigingi vya mti unaochipua ukipandwa tawi, kama mnyaa, vina faida kwamba vinashika mizizi. Saki za plastiki zilizojazwa udongo ndizo watu hukimbilia. Zinafaa kwa dharura, lakini jua huzila na ndani ya mwaka mmoja au miwili hubaki nyuzi. Ukizitumia, panda nyasi kati yake siku hiyo hiyo ili saki ikiisha mizizi iwe imeshachukua kazi.

Kingo zilizosimama wima zilaze kidogo kwa jembe, kuanzia juu. Usiwaruhusu watoto kukaa chini ya ukingo mnapofanya hivyo, na asifanye mtu peke yake.

Hatua ya 6: Panda mvua zinapoanza

Mwishoni mwa mwezi wa tisa, mvua zikishika, panda. Nyasi ya kwanza kwenye orodha yangu ni vetiva. Mizizi yake hushuka wima kwenda mita mbili au tatu badala ya kutambaa, haizai mbegu za kuvamia shamba, na mashina yake yakisongamana hukamata udongo hadi hujengeka ngazi yenyewe. Gawa shina kubwa katika vipande vya machipukizi mawili au matatu, kata majani yabaki sentimita 20 na mizizi sentimita 10, ichovye mizizi kwenye uji wa udongo na mavi ya ng'ombe, upande kila sentimita 10 au 15 kwa mstari mmoja unaokata mteremko kwa usawa. Ukiacha nafasi kubwa ili vipande vifike mbali, umeacha milango. Maji yatapita papo hapo. Mstari wa kwanza uwe juu ya tuta la mfereji, wa pili kuzunguka kichwa cha korongo, halafu nyuma ya kila kizuizi na kwenye kingo kila unaposhuka mita moja. Vetiva haipendi kivuli, kwa hiyo chini ya miti tumia kitu kingine.

Ukiwa na mbuzi au sungura, changanya na matete, setaria au tripsakamu, ambazo hukatwa kwa malisho. Nyuma ya mistari panda miti ya kaliandra au grevilea. Tithonia, yale maua ya njano yanayojiotea kando ya barabara, yakate uyalaze juu ya udongo ulio wazi: yanapunguza kishindo cha matone na yakioza ni mbolea.

Migomba naiona katika kila ravini ya Bukavu, na naelewa: udongo una unyevu na ndizi huliwa. Ila mizizi yake haiendi chini, na shina limejaa maji. Kwenye ukingo huanguka na kipande cha ukingo. Ipande chini kabisa palipo tambarare. Mikaratusi mikubwa kwenye ukingo ni mbaya zaidi: upepo huitikisa, uzito unavuta, na chini yake nyasi hazioti vizuri, udongo unabaki uchi.

Mbinu hizi ni za zamani na zimejaribiwa kwenye ardhi legevu kuliko yetu. Mwishoni mwa karne ya 18 injinia Mfaransa Nicolas Brémontier alituliza vilima vya mchanga wa pwani ya Gascogne, vilivyokuwa vikifunika mashamba, kwa kupanda mbegu za misonobari na vichaka na kuzifunika kwa matawi zisipeperushwe. Kule ni upepo, hapa ni mvua, lakini utaratibu ni ule ule: kwanza punguza kasi ya kinachobeba udongo, kisha mmea ushike.

Hatua ya 7: Ondoa miguu, mbuzi na takataka

Njia ya miguu inayokata korongo itaharibu kila ulichojenga. Usiizibe kwa miiba, watu watapita pembeni na kufungua jeraha jipya. Wape njia nyingine iliyo nzuri kuliko ile: ngazi za mawe, kila daraja likiinama kidogo kuelekea mfereji wa pembeni. Mbuzi wafungwe kwa msimu wote wa kwanza.

Takataka ni kesi ya kila siku. Kujaza ravini kwa taka kunaonekana ni kuiziba, lakini chupa na mifuko haishikani na udongo. Maji hupita chini yake, na mvua kubwa huibeba yote hadi mto Kawa, hadi ziwani, hadi kwenye bwawa la Ruzizi I, ambako plastiki hujikusanya mbele ya mitambo na umeme unatupotea. Weka ubao kama unataka. Kinachofanya kazi ni kukubaliana na avenyu mahali pengine pa kutupa na nani anapaondolea.

Hatua ya 8: Rudi baada ya kila mvua kubwa

Msimu wa kwanza ndio unaoua kazi. Baada ya kila mvua kali pita na beleshi na mawe machache. Jiwe lililong'oka mdomoni lirudishe siku hiyo hiyo. Maji yakiwa yameanza kulamba ubavu wa kizuizi, ongeza mawe kwenye ncha na ushushe mdomo kidogo. Mfereji wa juu uzoe mchanga kabla haujajaa, na huo mchanga usiutupe, fundi ataununua. Mapengo ya vetiva yazibe katika mapumziko mafupi ya mwezi wa kwanza na wa pili, kabla ya mvua nzito za mwezi wa tatu.

Nyuma ya kizuizi udongo ukifika mdomoni, usishangilie na kuondoka. Jenga safu nyingine juu yake, nyuma kidogo kuelekea mlimani, sentimita 30 au 40, na upande mstari mpya wa nyasi kwenye udongo uliokamatwa. Vetiva ikipita kiuno ikate ibaki sentimita 40. Majani yalaze palipo wazi. Kiangazi kinachofuata gawa mashina yaliyonona, umpelekee jirani wa juu mzigo mmoja apande kwake, na kuanzia hapo nenda naye kukagua mfereji.